Mzigo wa Ukuta wa Kati

Saruji ilikataa kushika. Mundhir alikiziba kidaka cha ukutani kwa mkono wake siku ya Jumatatu, na Alkhamisi saruji ilikuwa bado teketeke, inanuka vumba kama ubao wa kukatia samaki. Dada yake, Kulthum, alipoinamia kuitazama aliona alama za vidole vitano. Vidole vilikuwa vimesukuma kutoka ndani.

"Saruji mbovu tu hiyo," Mundhir akasema. "Nshaagiza nyengine."

Mwaka ule wa 1996 kila mwenye nyumba Mji Mkongwe alikuwa akiota wageni, na Mundhir, aliyerudi kutoka Maskati na vijisenti kidogo na ujuaji mwingi, hakukubali kubaki nyuma. Alitaka ukumbi mpana chini, wageni wakae wanywe chai. Kilichomzuia ni ukuta wa kati, mnene wa dhiraa nzima, uliojengwa na babu yao kwa mawe na chokaa. Katika kidaka cha ukuta ule mama yao, Bi Hind, alikuwa akiweka ubani na kipande cha haluwa kila Ijumaa. Sasa hawezi tena, na Mundhir alikiziba kidaka ili mambo hayo yakome hata kabla ukuta haujavunjwa. Alivunjika nyonga, amelala chumba cha juu, na kitanda chake kimesimama sawasawa juu ya ukuta huo.

Akaitwa Mzee Usi, fundi wa chokaa kutoka Mkokotoni, aje kutazama. Mzee Usi aligonga ukuta kwa kifundo cha kidole, akatega sikio, uso ukambadilika.

"Bwana Mundhir, hebu tazama dari. Hakuna boriti hata moja iliyovuka ukumbi mzima. Nusu zatoka huku, nusu zatoka kule, na vichwa vyao vyote vimelala juu ya ukuta huu. Ukitaka kuuvunja, tuitegemeze dari kwa miti pande zote mbili, kisha tutie mhimili wa chuma. Vyenginevyo sakafu itakuja chini pamoja na mama. Na yeye mtoeni kwanza."

"Hataki kutoka."

Kweli hakutaka. Kulthum alipompandishia uji, Bi Hind alimkamata mkono akamnong'oneza, "Babu yenu aliujenga ukuta ule ukaanguka mara mbili. Mara ya tatu akamwita mmoja wa wale wasioonekana, naye akakubali kubeba. Mwambie nduguyo asimguse, Kulthum. Nnaogopa."

Mundhir alipoelezwa alicheka mpaka akakohoa. Kulthum alitamani kumzaba kibao. Alimbembeleza angoje hadi Jumatatu, miti ya Mzee Usi ifike na majirani waje kumbeba mama, apende asipende. Mundhir akaitikia, "Haya, Dada," kwa wepesi uliomtia Kulthum wasiwasi.

Jumamosi Kulthum alikwenda sokoni Darajani. Aliporudi jua lilikuwa la utosi, saa ile wazee huwaita watoto waingie ndani, na kutoka mwanzo wa kichochoro alisikia nyundo. Alitupa kikapu akakimbia. Ndani aliwakuta vibarua wawili, Abdulla na Mabrouk, na Mundhir amesimama nyuma yao kavaa kanzu nyeupe. Hapakuwa na mti hata mmoja uliosimamishwa kutegemeza dari.

"Tunatoboa upenyo tu, Dada! Wa mlango tu!"

Abdulla akapiga. Nyundo ilizama ukutani kama iliyoingia kwenye unga uliokandwa, akaivuta, nayo ikamvuta. Mkono uliingia hadi kiwiko, ukaingia hadi begani, na mle ndani mfupa ukalia, ka, ka, ka, pole pole, mwenyewe akipiga kelele za mtu anayechinjwa. Kisha ukuta ukamtema. Mkono ulikuwa unaning'inia kwa ngozi. Mabrouk, kwa hofu au kwa ushujaa, aliushindilia ukuta mtaimbo, na mtaimbo ule ukageuka mikononi mwake ukamrudia kwenye taya, meno yakatapakaa sakafuni, akaanguka juu ya mwenziwe.

Ndipo dari ikaanza. Boriti ya kwanza ilipasuka upande wa kibla, ikafuata ya pili, ikafuata ya tatu, vumbi la chokaa likimiminika na kuwaziba pumzi, na huko juu miguu ya kitanda ikaanza kukwaruza sakafu, ikikwaruza na kusita na kukwaruza tena, na katikati ya mngurumo huo ikasikika sauti nzito, imechoka, sauti ya mchukuzi aliyelemewa na gunia shingoni, inatoka ndani ya mawe.

"Nitueni. Mmenivunja mgongo. Nani ananipokea?"

"Usimjibu!" Kulthum alinong'ona. "Mundhir, usimjibu!"

"Kulthum!" mama yao alilia juu. "Mwanangu, nateleza!"

Mguu wa kitanda ukatoboa dari, ukaning'inia juu ya vichwa vyao. Mundhir aliutazama. Alikuwa mjuaji, mkaidi, mpenda makuu, lakini alimpenda mama yake kuliko roho yake.

"Napokea mimi," akasema.

Kukawa kimya. Ukuta wote ukamwagika chini kama pishi ya unga, na dari ikabaki palepale, haikushikwa na kitu. Kitu kilimpita Kulthum mlangoni, kikijinyoosha mgongo kwa mguno mrefu wa raha, na vumba likaondoka nacho. Mundhir alitikisika. Damu ilimchuruzika puani na masikioni.

"Mtoe mama," akasema kwa shida. "Mbio."

Mzee Usi, aliyeipata miti siku mbili kabla, alikuwa ndiyo kwanza anafika na mkokoteni. Yeye na Kulthum walipanda, wakamteremsha Bi Hind juu ya godoro, wakamlaza kwenye baraza ya jirani ng'ambo ya kichochoro, majirani nao wakiwaburuta nje vibarua wawili.

"Mundhir, toka! Mama keshatoka!"

Akatoka, hatua kwa hatua. Jiwe la kizingiti lilipasuka chini ya unyayo wake. Nyumba haikudondosha hata punje ya chokaa. Kulthum akaanza kulia kwa furaha. Mundhir alifika katikati ya kichochoro, juani, hakuna kilicho juu yake ila mbingu, na Kulthum akasikia ule ule mlio wa boriti, sasa unatoka kwenye miguu ya ndugu yake. Magoti yalikunjika kinyume. Uti wa mgongo ukafuata, na mbavu zikatoboa kanzu, akabanwa chini mpaka mawe ya njia yakadidimia pamoja naye.

Wanaume wanane walijaribu kumwinua. Hakusogea hata unywele.

"Hajaniona, haamini kuwa nshatoka," Bi Hind alisema kutoka barazani, machozi yanamtiririka. "Bado anabeba. Nenda ukamwambie atue."

Kulthum alipiga magoti kwenye damu, akaweka mdomo sikioni mwa ndugu yake.

"Tua, mdogo wangu. Mama yuko hapa. Tua."

Nyuma yake nyumba nzima ikaanguka. Vumbi lilipotulia, Kulthum aliingiza mikono chini ya Mundhir, akamwinua peke yake, akampeleka kwa mama yake.