Mikoko ya Mchangani

Alhamisi, maji yakishakupwa, wanafunzi wa darasa la sita pale Kiongoroni huteremka ukingoni kupanda mikoko. Mbegu zake ni ndefu na zimechongoka, nawe huzichomeka topeni, basi. Balaa ni hilo tope. Likikushika mguu, kandambili ndiyo imekwenda.

Sabra hakulipenda hata kidogo. Alhamisi moja alimwachia rafiki yake Zawadi upande wa tope, yeye akazichomeka zake kwenye fungu la mchanga lililo jirani. Akamaliza mapema, miguu misafi, akajiona mjanja. Usiku ule bamvua likaja, maji yakajaa kuliko kawaida. Asubuhi mbegu za Zawadi zilikuwa zimesimama pale pale, lakini za Sabra mkondo ulikuwa umezizoa zote.

Mwalimu Rozalia alikuwa amewakataza mchanga. Akauliza nani alipanda pale.

"Zawadi," Sabra akajibu, kabla hajajua anasema nini.

Zawadi alikana mpaka machozi yakamtoka. Lakini Sabra alikuwa kiranja, akaaminiwa. Wote wawili walikuwa wamechaguliwa kwenda Kibiti Jumatatu, kuwaeleza wageni jinsi mikoko inavyoshika ukingo usimomonyoke na kuwalea kamba wachanga. Sasa Zawadi, ambaye hajawahi kufika Kibiti, aliambiwa abaki.

Tangu hapo Sabra hakupata raha. Wali wa nazi ulimshinda, na ndoo ya maji aliimwaga nusu njiani. Mama akamgusa shingo akidhani ana homa. Njia ya mwongo ni fupi, na Sabra aliiona inavyozidi kufupika. Kilichomuuma zaidi ni kwamba Zawadi hakumtukana. Alihama dawati tu.

Jumatatu Sabra alikuwa ameshakaa botini na Mwalimu Rozalia, injini inanguruma, Zawadi alipokuja ukingoni na kopo lenye mche wa mkoko wa maonyesho. Alikuwa ametumwa kulileta. Alimpa Sabra kwa mikono miwili, akageuka aende zake.

Sabra akasimama, boti ikayumba. "Mwalimu, ni mimi niliyepanda mchangani. Zawadi nilimsingizia."

Injini ikazimwa. Mwalimu Rozalia akamwambia ashuke, na Zawadi apande.

"Mimi mtu wa bara, Sabra, bahari nimeikuta ukubwani," alisema. "Lakini hili nimejifunza hapa kwenu. Mchangani unapanda upesi, maana hapakushiki. Ndiyo maana hapashiki hata mbegu. Uongo nao ni hivyo hivyo. Unadhani umemaliza kazi, kumbe unangoja maji yajae. Kusema kweli ni kuingia topeni, mwanangu. Kuna tabu, ila ndipo kitu kinapoota."

Boti ikaondoka. Zawadi hakupunga mkono, na Sabra alilia peke yake pale ukingoni. Maji yalipokupwa, akachukua mbegu zilizobaki, akazama mpaka magotini.

Zawadi alirudi kesho yake, akaja kuutazama mstari ule mpya.

"Umezibananisha," alisema, akakunja sketi, akaingia topeni.