Nilisema Yamekauka

Asubuhi hiyo ya Jumamosi nilikuwa nimezunguka vibanda vinne vya chipo, vile vya viazi vya kukaanga, hapa mtaani Landless, na mitungi miwili ilikuwa inanivuta mabega. Mafuta yaliyokaangiwa wiki nzima ni mazito kuliko yanavyoonekana. Mimi huona haya kuita watu, kwa hivyo husimama tu mlangoni na mtungi wangu mpaka mtu anione. Wengine huchelewa sana kuniona.

"Nekesa, siku utaongea mvua itanyesha," Anko Ouma aliniambia nilipofika nyumbani. Alikuwa anashusha pipa kutoka kwa tuktuk. Nilicheka kidogo nikaweka mitungi chini.

Naishi na Anti Nafuna, dada ya baba yangu. Anti hutengeneza diseli kwa vitu ambavyo watu wametupa. Cha kwanza ni tairi kuukuu. Anko Ouma, anayemfanyia Anti kazi, huzikata na kuzipika huko Ruiru, mbali na nyumba za watu, ndani ya pipa la chuma lililofungwa kabisa. Mvuke wake ukipoa unageuka mafuta meusi yenye harufu kali. Cha pili ni mafuta ya chipo, na hapo ndipo kazi yangu ilipo. Mimi huyachuja, halafu huyachemsha polepole hadi maji yote yaishe. Hapo ndipo Anti anaweka dawa ya kuyageuza diseli, kisha anayachanganya na yale ya tairi.

Maji yakibaki, dawa inatengeneza sabuni. Anti alinionyesha jinsi ya kujua: dondosha tone moja kwenye kikaango cha moto. Likilia cha-cha-cha, bado. Likinyamaza, yamekauka.

Hata chai hatukuwa tumekunywa wakati Njau alipoingia uani. Njau ana kisiagi, mashine ya kusaga unga, kule mtaa wa Kiandutu, na injini yake hutumia diseli yetu. Mkononi alikuwa na filta iliyofungwa kwa karatasi ya plastiki.

"Mama, hii ni diseli ama ni uji?" aliuliza. "Mashine imezima tangu jana jioni. Watu wamejaza ndoo za mahindi pale nje, wananiangalia ni kama mimi ndiye nimekataa kusaga."

Anti alifungua ile karatasi. Filta ilikuwa imeziba kabisa.

"Mimi nilisema kitambo," Njau aliendelea, akionyesha pipa la Anko Ouma. "Haya ya tairi ni machafu. Si uone tu rangi! Yale ya chipo hata yai unaweza kukaangia."

"Dada Nafuna, unanijua," Anko Ouma alisema. "Mwaka wa tatu sasa napika tairi. Nayachuja mara tatu."

Anti alikaa juu ya jiwe la kufulia. Wiki hiyo alikuwa amelala kidogo sana. Alijipangusa uso, akasema bila kumwangalia, "Ouma, kaa nyumbani kwanza. Nitatafuta mtu mwingine."

"Kwa sababu yangu ni meusi?"

Anti alikunja ile karatasi ya plastiki. Anko Ouma akavua glavu zake, akaziweka juu ya pipa, akatoka kwa miguu. Tuktuk ilikuwa imeshaondoka.

Nilikuwa nimesimama hapo hapo. Nilijua.

Jumatano jioni nilikuwa nimetoka shule, nikateka maji, nikafua yunifomu, nikamaliza hesabu. Moto wa makaa chini ya mafuta ulikuwa umelegea. Nilidondosha tone, likalia. Nikangoja, nikadondosha lingine, likalia. Macho yalikuwa yanajifunga yenyewe. Nikaepua sufuria.

"Nekesa, yamekauka?" Anti aliita kutoka ndani.

"Yamekauka."

Ni hivyo tu. Nikaenda kulala.

Sasa Anti alinipa ile filta niioshe. Nilipomwaga maji ya moto, ule uchafu uliteleza vidoleni, ukatoa povu. Niliiosha mara mbili. Nikaiosha mara ya tatu, ingawa ilikuwa imeshatakata. Kila nilipotaka kusema niliona zile glavu juu ya pipa.

"Anti."

"Mh."

"Si tairi."

"Si tairi nini?"

"Kilichoziba filta. Ni sabuni. Jumatano sikukausha mafuta. Yalikuwa bado yanalia."

Anti aliingia ndani, akatoka na kikaango, akakiweka motoni. Kulikuwa na mafuta kidogo ya Jumatano yaliyobaki kwenye chupa. Alidondosha tone. Cha-cha-cha. Akachukua mafuta meusi ya Anko Ouma, akadondosha. Kimya.

"Haki ya Mungu," Anti alisema polepole. Alichukua simu akampigia Anko Ouma. Iliita mpaka ikakatika. Akapiga tena.

Mchana mimi na Anti tulienda Kiandutu. Tulimwaga ile diseli mbaya kutoka kwa tangi la mashine, tukasafisha mipira ya kupitisha mafuta, tukaweka diseli nyingine nzuri. Anti alinisukuma mbele ya laini ya watu, nikasema kosa lilikuwa langu. Sauti ilikuwa ndogo, lakini ilitoka.

"Kumbe huyu anaongea!" Njau alisema, na watu wakacheka. Halafu akainama kuwasha mashine. "Na mimi ndiye nilitaja rangi," akasema, ni kama anaiambia injini. Saa kumi unga ulikuwa unashuka tena.

Tulirudi nyumbani bila haraka. Miguu ya Anti ilikuwa imevimba, mabega yangu yalikuwa yanauma.

"Kuchoka si makosa," alisema tulipofika karibu na lango. "Ungeniambia umechoka, ningekwambia ulale, na mafuta yangengoja hadi kesho. Kazi ambayo haijaisha inaweza kungoja. Lakini ukisema imeisha, kuna mtu mahali fulani ataishi na hilo neno lako. Leo ni Ouma. Na mimi pia nina kosa langu. Nilimfukuza kabla sijaweka tone kwenye kikaango. Mimi, na ndiye nilikufundisha."

Hakunichapa. Ningependa angenichapa, yaishe.

Alipiga simu tena, haikushikwa. Basi akanipa mimi simu. "Mwandikie wewe. Jina lako uliweke."

Niliandika, nikafuta, nikaandika tena:

"Anko Ouma, ni Nekesa. Mafuta yako hayana makosa. Ni mimi sikukausha yangu, nikadanganya nimekausha. Nimemwambia Anti na nimemwambia Njau mbele ya watu. Anti anasema pole sana na urudi Jumatatu. Tafadhali nisamehe."

Nikabonyeza kutuma. Kabla Anti hajamaliza kuosha vikombe, zile alama mbili zilikuwa zimegeuka bluu. Alikuwa amesoma.

Jumapili hakujibu. Jumatatu Anti aliacha lango wazi tangu alfajiri. Leo ni Jumanne, na glavu zake bado ziko juu ya pipa.