Kiranja na Utani Usio Wake

Kila asubuhi kabla ya kengele, kikundi cha bustani kilimwagilia mboga za shule yetu, hapa Kitwe. Wiki hiyo kiranja alikuwa mpya: Luyando, Mtonga aliyehamia kutoka Monze. Watoto wa makabila mbalimbali walimkodolea macho. Luyando aliogopa kwamba hawatamsikiliza.

"Chola, yule nyani uliyemla jana ameshalala?" Jere, Mngoni, alimuuliza mwenzake wa kabila la Wabemba. "Mbona unatembea kama bibi harusi?"

"Kaa kimya, mla panya," Chola akamjibu. "Mmezoea mikuki nyinyi Wangoni. Ndoo zinawashinda."

Kikundi kizima kilicheka. Luyando akadhani amepata dawa ya kukubalika. Kwao aliujua utani wa koo, lakini huku mjini alidhani kila mtu anamtania yeyote amtakaye.

"Haya, Chola, mla nyani," akasema, "beba ndoo upesi."

Hakuna aliyecheka. Chola alimtazama, akachukua ndoo, akatoka kupitia tundu la uzio.

Kengele ililia, Chola hajarudi. Bomba la shule lilikuwa limekauka tangu jana, na mtoni wanafunzi walikatazwa kwenda.

"Atakuwa ameenda mtoni," Jere alisema kwa sauti ndogo. "Na kule Mto Kafue jana wameona mamba."

Luyando akawaza. Akisema, atavuliwa ukiranja. Akinyamaza, je? Alikimbia hadi kwa Mwalimu Nakamba, akasema yote, hata lile neno alilomtamkia Chola.

Walishuka mbio, Jere nyuma yao. Ukingoni waliiona ndoo imelala ubavu, na Chola hayupo. Maji yalikuwa yametulia, na utulivu huo ndio uliomtisha Luyando zaidi.

"Msisogee majini," mwalimu alisema.

"Niko huku," sauti ikasikika.

Chola alikuwa juu ya kichuguu kirefu, ameking'ang'ania kwa mikono miwili. Alikuwa ameona kitu kikijongea majini, akatupa ndoo na kukimbia. Walipofika mahali salama, Luyando alipiga magoti, akapiga makofi taratibu, kama ilivyo desturi ya kwao, kumwomba msamaha.

"Jere ni mtani wangu," Chola alisema, machozi yakimlengalenga. "Babu alipofariki, Wangoni wenzake ndio waliotuchekesha msibani. Wewe ulikuwa wapi? Unanitukana kama nani?"

"Nilitaka mnipende. Nilikuwa nawaogopa."

Mwalimu Nakamba aliwashika wote wawili mabega. "Chola, hasira haikupi ruhusa ya kwenda mtoni, na adhabu yako ipo. Luyando, umefanya vizuri kuja kuniambia ukweli, kwa hiyo utabaki kiranja. Lakini usiongoze watu usiowajua. Kinachomchekesha huyu kinamuumiza yule. Kiongozi anauliza kwanza, hata kama anaona aibu. Leo ulikosa kuuliza, na nusura tumpoteze mtoto wa watu."

Kesho yake bomba lilikuwa linatoa maji. Luyando alimsogelea Chola, moyo ukimdunda.

"Chola, kwenu mtu anaombwaje kubeba ndoo?"

Chola alifikiri kidogo. "Kwa jina lake tu," akasema, akainama kuishika ndoo.