Aje na Kitabu

Boksi lilipasukia katikati ya barabara, tena saa ile ambayo madereva huwa hawana subira hata na mama zao. Vitabu vikamwagika chini. Honi zikalia kila upande, na mkutubi wa shule ya sekondari, kwenye gauni lake jipya la kijani, akabaki ameshika boksi tupu mikononi.

"Usiiname, dada, watakugonga! Simama hapo hapo!"

Aliyepiga kelele ni kijana mrefu mwenye koti jeupe la kinyozi na kitana kimechomekwa kwenye nywele. Aliingia barabarani, akainua mikono yote miwili, akasimamisha magari kana kwamba ameajiriwa kwa kazi hiyo. Kisha akavizoa vitabu haraka haraka na kumrundikia mkutubi kifuani mpaka kidevu kikakaa juu.

"Asante, kaka. Mungu akubariki."

"Hivi vyote unasoma wewe?"

"Ningekuwa na wanafunzi wanaosoma, ningebeba mwenyewe?" alijibu mkutubi kwa hasira za siku nzima, akavuka akaenda zake.

Jioni simu yake ikaita. Namba ngeni.

"Habari yako, dada wa boksi. Nina kitabu chako kimoja, kiliingia chini ya gari. Namba nimeiona kwenye mhuri wa maktaba."

"Alhamdulillah! Nitakifuata kesho."

"Kesho hakitoki. Mpelelezi ameingia kwenye nyumba ya muuaji na mguu wake mmoja, halafu nikupe kitabu? Thubutu!"

Mkutubi alicheka mpaka shangazi yake, aliyekuwa akikunja nguo chumba cha pili, akaja mlangoni kumtazama. Alikuwa hajacheka hivyo tangu mkuu wa shule amwite ofisini na kumwambia maneno machache tu: muhula huu ukiisha bila wanafunzi kusoma, maktaba inafungwa, chumba kinakuwa cha mikutano, na yeye atafutiwe kazi nyingine. Na wanafunzi wenyewe, jamani! Walikuwa wakipita mbele ya mlango ule kama wanapita kituo cha polisi. Walimpa jina la Mwalimu Kimya, kwa kuwa ndilo neno pekee walilowahi kulisikia kwake.

Hayo yote alimweleza kinyozi, siku ile na siku zilizofuata. Maana simu zilizidi. Asubuhi kabla ya kazi, mchana, jioni tena.

"Umekula, mkutubi wangu?"

"Wangu tangu lini?"

"Tangu ukurasa wa mia. Hapo ndipo nilipojua nimekwisha."

Alikuwa akiazima kitabu, akirudisha, akiazima kingine, na kila kimoja alisema amekisoma chote. Mkutubi akampenda. Asikudanganye mtu kwamba mapenzi yaliingia taratibu. Yaliingia kama mgeni mwenye mabegi yake yote. Alianza kupaka wanja siku za kazi. Shangazi akawa anamwuliza, "Mwanangu, huyo kinyozi anakunyoa nini, mbona nywele zako ziko pale pale?"

Basi siku moja mchana akaamua kumshtukiza. Kinyozi alikuwa na kijumba chake jirani na shule, chenye kioo kirefu, benchi na redio iliyozimwa. Benchi lilijaa wanafunzi, wa kike na wa kiume, kwa sababu shule hairuhusu nywele ndefu. Mashine ilikuwa inanguruma kichwani kwa mmoja, na kinyozi anasimulia kwa sauti ya kutangaza mpira.

"Mpelelezi akafungua mlango. Paa! Risasi ya kifua. Akaanguka, akafa. Muuaji akapanda ndege, akaenda kula maisha. Kwisha!"

Mkutubi alisimama mlangoni, damu ikamchemka. Mpelelezi hakufa! Kitabu kile alikijua ukurasa kwa ukurasa. Muuaji alikamatwa, tena bafuni, na taulo.

"Kumbe hujasoma!" alisema.

Mashine ikanyamaza. Kinyozi akageuka, uso umejaa furaha kwanza, kisha woga.

"Mpenzi, karibu, ngoja..."

"Usiniite mpenzi! Vitabu vyote vile uliniambia umesoma, kumbe ni maneno ya kunilaghai. Na hawa watoto ukiwatungia mwisho wa uongo, nani atakuja kusoma? Unajua kabisa kazi yangu inaning'inia, halafu unanimalizia!"

"Nisikilize, nimalize kwanza kichwa hiki..."

"Malizia na chako!"

Akaondoka. Mwanafunzi akabaki kitini amenyolewa upande mmoja. Kinyozi akatoka mbio na mashine mkononi, waya ukamvuta akarudi ndani mwenyewe.

Alipiga simu, haikupokewa. Alituma ujumbe, haukujibiwa. Mkutubi alilia kwa shangazi yake mpaka akapata kwikwi.

"Kosa lake ni lipi hasa?" shangazi akauliza.

"Ni mwongo, shangazi!"

"Mwongo ulimwuliza kwa nini kadanganya?"

Hakumwuliza. Hasira hasara, lakini nani huikumbuka methali wakati machozi yanamtoka?

Wiki iliyofuata, wakati wa mapumziko, mlango wa maktaba uligongwa. Aliingia msichana wa kidato cha pili, nywele zimenyolewa zikang'aa.

"Shikamoo, mwalimu. Kuna kitabu cha mpelelezi wa mguu mmoja?"

"Marahaba. Unakitakia nini?"

"Nataka kumkamata kinyozi."

Kabla hajajibiwa wakaingia wengine wanne, wakaanza kugombea kitabu. Mkutubi akasahau hata kusema kimya.

"Kumkamata vipi?"

"Mwalimu hujui? Kabandika tangazo kwenye kioo, hata siku ile ulipomfokea lilikuwepo! Kila hadithi anaweka uongo mmoja. Ukimkamata anakunyoa bure, lakini lazima uje na kitabu umwonyeshe ulipo. Mpelelezi kufa, mimi siamini hata kidogo!"

Mkutubi akakaa. Kumbe! Ili mtu aujue uongo wa kitabu, lazima awe amesoma ukweli wake. Kinyozi alikuwa amevisoma vyote, mpaka mwisho, ili avidanganye vizuri. Naye akamtukana mbele ya watu! Loo, aibu ilimpanda mpaka masikioni, na kila siku akapania kwenda kwake akashindwa.

Siku ya mwisho wa muhula mkuu wa shule alikuja na fundi seremala, fundi kashika futi ya kupimia meza ya mikutano. Wakafungua mlango, hawakuingia. Hakukuwa na pa kukanyaga. Wanafunzi walikaa kwenye viti, madirishani, sakafuni, wawili wawili kwenye kitabu kimoja, na hakuna aliyeinua kichwa. Mkuu akawahesabu mpaka hesabu ikampotea.

"Fundi," alisema, "kunja futi yako. Tutengenezee rafu na mabenchi."

Kisha akamsogelea mkutubi, akamnong'oneza, "Hivi, huyo mpelelezi... alikufa kweli?"

"Soma, mkuu," mkutubi akasema, akampa kitabu.

Hakungoja hata kufunga mkoba. Kwa kinyozi benchi lilikuwa limejaa, akapanga foleni kama wenzake. Zamu yake ilipofika akaketi kitini. Walitazamana kwenye kioo.

"Nimekukosea," alisema mbele ya wote. "Nilikuhukumu kabla sijakuuliza. Nisamehe."

"Nilishasamehe zamani. Nikunyoe?"

"Nisimulie hadithi."

Kinyozi akaweka mashine chini. Akafungua droo, akatoa kitu kidogo, akakificha kiganjani.

"Palikuwa na mkutubi mmoja, mkali kama pilipili. Kinyozi fulani akampenda mpaka akasoma vitabu ambavyo baba yake mzazi alishindwa kumsomesha. Siku moja akamtolea pete, akamwomba waoane." Akamtazama kwenye kioo. "Mkutubi akakataa. Kwisha."

Benchi zima likainama mbele.

"Uongo!" akasema mkutubi.

"Una ushahidi? Sheria ni sheria, uonyeshe ulipo."

Mkutubi akamnyooshea mkono wa kushoto, kidole cha pete kikiwa kitupu.

"Hapa."

Kijumba kikalipuka. "Kakamatwa! Kinyozi kakamatwa! Mwalimu anyolewe bure!" Walipiga makofi, wakapiga benchi, wakapiga kelele mpaka barabarani, kisha mmoja akakumbuka ni nani aliyeketi pale, wote wakamgeukia wakingoja neno lake.

Mwalimu Kimya alikuwa anaitazama pete, analia na kucheka.

"Pigeni kelele," alisema.