Pete Iliyotemwa na Anemoni

Mpaka leo fundi cherehani hajui pete ya kaka yake ilifikaje ndani ya lile tangi la kioo. Aliiona kwa macho yake kidoleni mwa marehemu, jeneza likifungwa.

Kila jioni, akishafunika cherehani yake, alipitia nyumba ya marehemu kulisha matumbawe ambayo kaka yake aliyafuga kwenye tangi la maji ya bahari. Mjane hakumwamini hata kwa hilo.

"Umekuja kulisha, wifi, au kuhesabu vijiko?" mjane aliuliza mlangoni jioni moja.

"Vijiko vya kaka yangu navijua. Nipishe."

Kesho yake ukoo ungekaa kuamua kama mjane abaki au ahame. Fundi alikuwa ameshaamua.

Alizima pampu, maji yasikokote chakula. Akazima taa ya tangi, akabakiza mwanga hafifu wa mlangoni, maana matumbawe hufunguka gizani. Yakafunguka... vinywa vidogo vidogo, kila kimoja na minyiri yake, vijikono laini vya kunasia chakula. Katikati alitanda anemoni, mnyama wa baharini, laini kama ua, mpana kama sahani. Akamsogezea kipande cha kamba wa baharini kwa koleo refu.

Hakula.

Ikaja harufu. Si ya chumvi. Ya udongo uliochimbuliwa sasa hivi...

Anemoni hutema kwa mdomo uleule anaolia chakula. Mdomo ukapanuka, taratibu. Ukatema.

Pete.

"Wifi," mjane alinong'ona, "si tulimzika nayo?"

"Uliivua wewe! Mchawi mkubwa!"

Kaka yake alikuwa akimwambia kila mara: koleo, kamwe si mkono. Kwa hasira fundi akatumbukiza mkono mtupu, akaikamata pete. Minyiri ikamnata, ikauma kama moto. Kisha ikakaza... kama kaka yake alivyomkaza mkono utotoni, wakivuka barabara.

Mjane ndiye aliyemvuta. Angeweza kumwacha.

"Kesho usinisingizie," alisema akihema. "Umeona mwenyewe."

Kidoleni mwa fundi palibaki alama nyekundu, duara kamili.

Kesho yake fundi aliiweka pete mezani, mbele ya wajomba na shangazi, kama ushahidi kwamba mjane alimwibia marehemu. Hakutaja mkono uliomshika, wala uliomwokoa. Labda aliogopa. Labda alitaka nyumba tu.

Wakaamua: mjane ahame, tangi lizimwe.

Mjane alitoka na begi moja. Aliyezima ni fundi mwenyewe. Taa. Pampu. Akachomoa na waya ukutani.

Gizani, matumbawe yakafunguka.

Pampu ikaendelea kunguruma...

Na ile alama kidoleni ikaanza kukaza.