Mbwa Aitwaye Karibu

Gari lilizama kabla mbwa hajaingia.

Mshonaji alikuwa ameinamia jiko, mgongo kauelekeza mlangoni, na alikuwa ametoka kumwita mbwa kama alivyomwita kila jioni: "Karibu! Karibu ndani, mwanangu, karibu!" Springi za nyuma zikalia. Sakafu ikainama upande wa kushoto, na chai ikahamia upande mmoja wa sufuria. Akageuka ili amkemee kwa kuleta mchanga ndani. Mbwa alikuwa bado nje, hatua ishirini hivi kutoka mlangoni, amesimama juu ya mwani mkavu, mguu mmoja wa mbele kauinua, anaangalia ndani ya gari.

Mbwa mwenyewe alikuwa mdogo kama kiatu cha mwanamume. Akipanda, gari lilitikisika kidogo tu, kama mtu aliyeshikwa na kwikwi. Hakuwa na uzito wa kuhamisha chai.

"Ni tairi," mshonaji alijiambia. "Limekaa kwenye mchanga laini."

Gari lile zamani lilisambaza mikate. Marehemu mume wake aliliendesha miaka kumi na tisa. Kiwanda kilipofungwa akalichukua, akang'oa rafu, akaweka kitanda, jiko dogo na cherehani ya mkewe. Ubavuni yalibaki maandishi MOTO KILA SIKU, maana neno "mkate" lilikuwa limebabuka. Walipanga kuifuata pwani yote, mwanzo hadi mwisho, mke akishona nguo za watu njiani. Mume alifika hadi kuupaka mlango rangi. Akafa kabla haijakauka.

Jina la mbwa ni mshonaji aliyelitoa, kwa uvivu. "Mgeni akija, nikimwita mbwa nimeshamkaribisha na mgeni," alikuwa akisema. "Nabana mate." Watu walicheka. Hawakujaliwa mtoto, kwa hiyo mjane alipomwita mbwa "mwanangu" hakuwa anatania. Alikuwa amemshonea mkanda wa shingoni kwa shati la marehemu. Katika dunia nzima kilichobaki kuitika sauti yake ni kile kijibwa.

Wakaendelea na safari. Zamani jua likichoma bati, gari lilirudisha harufu ya mkate, naye alipenda kufumba macho na kuivuta, kwa sababu ilikuwa harufu ya mumewe. Sasa jua likichoma ilipanda harufu ya mwani uliooza, kama ndoo ya maji ya kudekia iliyosahauliwa wiki nzima. Akasugua sakafu kwa sabuni. Harufu ikahamia kwenye shuka. Godoro lilibonyea upande asiolalia yeye, na hata aligeuze vipi, asubuhi lilikuwa limebonyea palepale. Mbwa aliacha kulala kitandani. Alijikunja juu ya kanyagio la cherehani, macho wazi.

Siku moja saa sita mchana, jua la utosi, alikuwa amekaa kwenye kivuli cha gari na mbwa mapajani, akimtoa viroboto, ndipo aliposikia cherehani yake inashona. Si kugongagonga, ni kushona hasa, kwa mkono wa mtu anayeijua kazi, inakwenda, inapumzika kwenye kona, inakwenda tena, na kila ilipopumzika mbwa alibana mkia na kujisukuma chini ya kwapa lake, naye akabaki pale, kiroboto kati ya kucha mbili, hathubutu hata kukipasua, mpaka uzi ulipoisha na mashine ikanyamaza. Alipoingia alilikuta gauni la mteja juu ya meza. Mikono ilikuwa imefungwa mwishoni. Shingo imefungwa. Pindo limefungwa pia. Mshono ulikuwa mzuri kuliko wake. Lilikuwa vazi lisilo na mlango, la mtu ambaye akishaingia hatatoka.

Alimpigia simu wifi yake, dada wa marehemu, akiwa amekaa kwenye usukani.

"Wifi, humu garini kuna kitu."

"Panya?"

"Panya anakaa kitandani kitanda kikabonyea?"

"Basi umepata mume. Mwambie alete posa kwanza, tusidharauliane." Wifi akacheka peke yake. "Mbona unanong'ona?"

"Kimekaa nyuma yangu."

Wifi, ambaye hakuwahi kuongea taratibu tangu azaliwe, alisema taratibu, "Shuka, mke wa kaka yangu. Shuka sasa hivi."

Alishuka, lakini atamwacha wapi mbwa, na atalala wapi yeye? Akarudi. Akaendesha hadi kwa fundi matairi kando ya barabara, kijana mnene mwenye ovaroli isiyofunga tumboni. Fundi akapiga magoti, akapapasa tairi za kushoto, akazunguka akapapasa za kulia, akarudi.

"Mama, humu unabeba saruji?"

"Kitanda na cherehani. Na vyote viko upande wa kulia."

"Hizi za kushoto zimekwisha hadi nyuzi. Hiki ni kitu cha kilo mia mbili kimekaa hapa." Akamtazama mbwa aliyekuwa akitetemeka kwenye mkono wa mama. "Na huyu nani?"

"Karibu."

"Ahsante, mama, lakini nauliza jina la mbwa."

"Ndilo hilo. Anaitwa Karibu."

Fundi aliweka spana chini polepole, kama inayoweza kuvunjika.

"Unamwita kwa sauti? Jua linazama, uko ufukweni, mlango wazi?"

"Sasa nitamwitaje?"

"Wenzako wanamwita Simba, mama! Jini haingii nyumba ya mtu kama hajakaribishwa. Wewe hukumkaribisha tu, umembembeleza." Akashusha sauti. "Bibi yangu alikuwa na mkoba wa kazi hizo. Mimi sikuurithi, ila niliubeba, na masikio nilikuwa nayo. Alichoitwa nacho ndicho anachofukuzwa nacho. Palepale alipoingilia, jina lilelile, mdomo uleule. Na usiigize. Ukiigiza anajua."

"Na mwanangu je?"

"Mbwa nitamshika mimi. Lakini akishatoka huyo, jina hilo usilitaje tena mpaka umefunga mlango na mmeondoka. Hata mara moja, mama. Umenisikia?"

Walirudi pale ufukweni jua likikaribia kuzama. Mwani ulikuwa bado pale, mweusi zaidi. Fundi alimfunga mbwa kamba kwenye mkanda, akasimama naye mbali kidogo. Mshonaji akafungua mlango, akasimama mbele ya ngazi.

"Karibu, toka," alisema, kwa sauti ya mtu anayeomba radhi.

Ndani ya gari kitu kilicheka. Kilicheka kicheko cha mumewe, chote, hadi kile kikohozi kidogo cha mwisho alichokuwa akikifunika kwa kiganja.

Hapo ndipo hasira ilipokuja. Ilitoka mahali ambapo hakujua kama anapo, ikampanda hadi kooni, na maneno yakatoka yameambatana bila pumzi: "Karibu, toka! Toka nyumbani kwangu, mnuko wewe, sikutaki, sijawahi kukutaka, Karibu, nenda, usirudi, ufe hukohuko!"

Springi zililia, gari likanyanyuka. Mchanga chini ya ngazi ulididimia, shimo moja, la pili, la tatu, kila moja pana kama sinia, yakampita mguuni, yakaelekea majini.

"Limetoka!" fundi alinong'ona. "Funga mlango, mama! Twende!"

Lakini alikuwa ameshika kamba yenye mkanda mtupu. Mbwa alikuwa amesikia kila neno, na kila neno lilikuwa na jina lake. Alikuwa amejikojolea, akajinyonganyonga hadi kichwa kikapita, na sasa alisimama pale mawimbi yanapoishia, masikio kayalaza, anamtazama mama yake.

"Njoo!" mshonaji aliita. "Njoo, baba! Njoo hapa!" Akapiga mluzi. Akapiga makofi kwenye mapaja. Akapiga magoti na kunyoosha mikono, akasogea kwa magoti, na kadiri alivyosogea mbwa alirudi nyuma, maana maisha yake yote alikuwa ameitwa kwa neno moja tu, na neno hilo leo lilikuwa limemfukuza.

Ndipo sauti ilipotoka baharini, nyuma ya wimbi la pili. Ilikuwa sauti ya mshonaji mwenyewe, ile ya jioni, laini.

"Karibu. Karibu, mwanangu. Yamekwisha."

Mbwa aliinua masikio. Akamwangalia mama, mdomo wa mama umefumbwa. Akaangalia maji. Mkia ukaanza kucheza.

"Mama, usiseme!" fundi alipiga kelele. "Nakuomba, mlango uko wazi, usiseme!"

Maji yalikuwa yamemfika mbwa kifuani. Mshonaji aliutazama mlango ule, na rangi aliyoipaka mumewe, akamtazama mwanae, na kwa nguvu zote alizobakiza akaita:

"Karibu! Karibu! Rudi, Karibu!"

Mbwa aligeuza kichwa mara moja. Mdomo huu ulikuwa umemwambia afe. Ule wa kule ulikuwa umemwambia yamekwisha. Akachagua ule uliomsamehe. Akaogelea vizuri, kichwa juu, hadi wimbi lilipomfunika, na lilipopita hapakuwa na kichwa.

Mshonaji alikwenda hadi maji yakamfika kiunoni, akipapasa, akiita jina lile tena na tena, asijali tena nani anasikia. Alipogeuka, fundi alikuwa mbali, anakimbia bila kuangalia nyuma, kamba bado mkononi.

Jua lilikuwa linazama. Mlangoni springi zililia, gari likainama upande wa kushoto, na sufuria ikateleza ikaanguka.

Kisha, baada ya muda mfupi, likatikisika tena, kidogo tu, kama mtu aliyeshikwa na kwikwi.