Gunzi Kwenye Rejeta ya Simiyu

Asubuhi hiyo Jescah aliwasha moto mapema kuliko siku zote. Alichemsha viazi vitamu na chai ya maziwa. Mama yake, Awinja, alikaa karibu na meko akisikiliza sufuria. Macho ya mama huyu yalikuwa na ukungu mweupe. Aliona mwanga na kivuli, lakini sura ya mtu hakuiona. Mjukuu wake, Wekesa, alikuwa ameanza kutembea, naye alimjua kwa kumpapasa kichwa tu.

"Jescah, chai inapanda," Awinja alisema.

Jescah alishika kitambaa, akaondoa kifuniko upesi. Kweli, chai ilikuwa karibu kumwagika.

"Mama, umeionaje?"

"Sikuiona, nimeisikia. Sufuria husema kwanza, ndipo imwage."

Nje, Simiyu, mume wa Jescah, alikuwa akifuta pikapu yake kuukuu. Kwa pikapu hiyo alibeba mahindi ya majirani kuyapeleka soko la Mautuma. Siku hiyo alikunja blanketi safi, akaliweka juu ya kiti ambacho mama mkwe wake angekalia. Kiti hicho kilikuwa na springi inayochoma. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo.

Kwao, mwanamume na mama mkwe wake huheshimiana kwa kukaa mbali. Hawapeani mikono. Hawaitani kwa majina. Mmoja akiwa na neno, hulipitisha kwa mtu mwingine. Kwa hiyo ndani ya gari Jescah angekaa katikati, kama daraja.

Safari yenyewe ilikuwa ya kwenda Kakamega. Daktari wa macho alikuwa amekuja kwenye hospitali ya mkoa. Angepasua wagonjwa siku hiyo tu, kisha aende kwingine. Waliambiwa wafike kabla ya saa sita. Mwaka uliopita daktari huyo alikuja pia, lakini mvua iliharibu barabara na Awinja akachelewa. Tangu hapo ukungu wa macho ulikuwa umezidi.

Kabla ya kuondoka, Jescah akimpeleka mtoto kwa jirani, Simiyu alifungua boneti. Alimimina maji ya kijito ndani ya rejeta. Rejeta ni tangi jembamba lililo mbele ya injini. Maji hutoka kwenye injini yakiwa moto, hupita ndani ya rejeta yakapoa, kisha hurudi tena kwenye injini.

Kifuniko cha rejeta hiyo kilikuwa kimepotea. Simiyu aliziba kwa gunzi la hindi. Kwake gunzi lilikuwa dawa ya kila tundu. Liliziba chupa ya mafuta ya taa. Liliziba mtungi wa maji. Basi alilizungushia karatasi ya nailoni, akalisukuma kwenye mdomo wa rejeta, akalifunga kwa kipande cha mpira wa tyubu.

"Twende," alisema. "Gari limekunywa, limeshiba."

Walipita mashamba ya mahindi, wakaingia barabara ya lami, wakavuka mto Nzoia. Simiyu aliendesha polepole kwenye mashimo ili mama mkwe asirushwe. Baadaye jua lilipanda, naye akaanza kukimbiza gari kufidia muda. Kilima cha kuelekea Malava kilipoanza, Awinja aliinamisha kichwa.

"Jescah, muulize mwenye gari, ni nani anapika?"

"Mama!"

"Muulize. Nasikia sufuria."

Simiyu alicheka. "Mwambie mama hizo ni kelele za uzee. Gari hili hulalamikanga kwenye mlima."

Lakini mbele yake kulikuwa na geji ya joto. Sindano yake ilikuwa imepanda hadi kwenye alama nyekundu. Jescah aliiona.

"Baba Wekesa, hii sindano mbona iko juu?"

"Hiyo inapendanga kutisha watu. Tukifika juu itashuka."

Hawakufika juu. Mvuke mweupe ulitoka chini ya boneti ukafunika kioo. Simiyu aliegesha gari kando ya shamba la miwa, akazima injini. Alitazama jua. Aliruka chini, akachukua mtungi wa maji, akafungua boneti. Maji yalikuwa yakiunguruma ndani ya rejeta. Alianza kufungua ule mpira wa tyubu kwa mkono mtupu, uso wake ukiwa juu ya gunzi.

Awinja naye alikuwa ameshuka. Alitembea akipapasa ubavu wa gari. Alisikia mngurumo. Alisikia mpira ukivutwa.

"Simiyu!" alipiga kelele. "Usifunue!"

Hakungoja Jescah apitishe neno. Alimshika mkwe wake mkono, akamvuta kwa nguvu zake zote. Wote wawili walianguka kwenye nyasi. Papo hapo gunzi liliruka juu, na maji yaliyochemka yakafuata kama chemchemi. Yalimwagika juu ya boneti na pale ambapo Simiyu alikuwa amesimama. Hata tone moja halikumgusa.

Jescah aliweka mkono mdomoni. Hakujua aogope nini zaidi, yale maji au mkono wa mama yake uliokuwa bado umeshika mkono wa mkwe.

Awinja aliuachia. Aligeuza uso pembeni. "Jescah, mwambie mwenye gari aniwie radhi."

Simiyu aliinuka akijikung'uta nyasi. "Mwambie mama," alisema, "kwamba leo uso wangu ungebaki hapa. Mwambie asante. Tena mwambie asante mara nyingine."

Wakati huo lori la kijani lilisimama nyuma yao. Aliyeshuka alikuwa mwanamke mwenye ovaroli na kilemba. Aliitwa Chepkemoi. Alikuwa dereva wa chuo cha kilimo cha Bukura, na aliwafundisha wanafunzi kutunza trekta. Alikuwa akitoka Kitale na mbegu za viazi.

"Kuna aliyeungua?" Hilo ndilo lilikuwa neno lake la kwanza.

"Hapana," Jescah alijibu. "Mama amemwokoa."

Chepkemoi aliokota gunzi kwenye majani. Aliligeuza huku na huku. "Ndugu yangu, hili ni gari au ni mtungi wa pombe ya busaa?"

Hata Awinja alicheka. Simiyu alijikuna kichwa, kisha akainua mtungi wa maji. "Dada, tucheke baadaye. Mama ana daktari kabla ya saa sita. Wacha nitie maji twende."

"Weka chini huo mtungi," Chepkemoi alisema taratibu. "Ukimwaga maji baridi kwenye chuma chenye moto kama huo, chuma kinaweza kupasuka. Umewahi kuona chungu kikitolewa motoni na kumwagiwa maji baridi?"

"Hupasuka," Awinja alijibu.

"Haya, mama amejibu. Injini ingoje ipoe yenyewe. Lakini macho hayangoji. Mimi napita Kakamega. Mama na dada wataenda na mimi hadi mlango wa hospitali."

"Na mbegu zako?" Jescah aliuliza.

"Viazi havilii nikichelewa."

Kisha alimgeukia Simiyu. "Wewe panda boda boda ya baiskeli uende Malava. Nunua kifuniko cha rejeta cha gari lako hasa, si cha gari lingine. Ukirudi injini itakuwa imepoa. Shika huu mpira wa juu wa rejeta. Ukiweza kuushika bila kuungua, tia maji safi polepole. Ndipo ufunge kifuniko, uje mwendo wa pole. Ukiona sindano inapanda tena, simama."

Lori lilikuwa refu. Jescah alimsukuma mama yake kutoka chini, na Chepkemoi akamvuta kutoka juu. Walipofika hospitalini, saa sita ilikuwa bado. Chepkemoi hakuwaacha langoni. Alimshika Awinja mkono hadi kwenye benchi la wagonjwa wa macho, akamtengenezea leso mabegani.

"Kesho," alimwambia Jescah, "mwambie mume wako alete gari Bukura. Gunzi halikuwa shida peke yake."

Simiyu alifika jioni. Alikuta mke wake akitabasamu. Awinja alikuwa amepasuliwa jicho moja, na kitambaa cheupe kilikuwa kimelifunika. Angelala hospitalini hadi daktari amruhusu.

Kesho yake asubuhi Simiyu alikwenda Bukura. Alikuwa amedhani kifuniko kipya kimemaliza kazi, hadi Jescah alipompa ujumbe wa Chepkemoi. Chepkemoi alingoja injini ipoe kabisa ndipo akafungua boneti.

"Kwanza tazama kifuniko chako kipya," alisema. "Kina springi na mpira. Hubana maji ndani. Maji yaliyobanwa huvumilia joto zaidi kabla ya kuchemka. Gunzi halibani sawasawa. Maji huchemka mapema, humwagika, na injini hubaki na kiu."

"Kumbe kifuniko nacho hufanya kazi!"

"Hufanya. Sasa tazama uso wa rejeta."

Simiyu aliinama. Matundu membamba ya rejeta yalikuwa yamejaa makapi ya mahindi na mabawa ya kumbikumbi.

"Wewe huegesha karibu na mashine ya kupura mahindi?"

"Kila msimu."

"Basi gari lako limefungwa pua. Upepo haupiti. Osha kwa maji yasiyo na nguvu nyingi, kutoka upande wa injini kwenda mbele, na brashi laini. Ukitumia msumari utatoboa."

Waliosha pamoja. Kisha walifungua mfereji mdogo ulio chini ya rejeta. Maji yaliyotoka yalikuwa mekundu, yenye tope.

"Haya ni maji ya kijito," Simiyu alikiri.

"Tope huziba njia za ndani. Tumia maji safi, yachanganywe na dawa ya rejeta inayozuia kutu. Lakini dawa hiyo ni sumu, na ni tamu. Usiiache mahali mtoto au mbwa anaweza kuionja. Hata haya machafu tusiyamwage ovyo."

Chepkemoi alimwonyesha mkanda wa feni. Aliubonyeza kwa kidole gumba, injini ikiwa imezimwa. Ulibonyea sana na kando yake ulikuwa umechanika. "Mkanda huu ukilegea, pampu ya maji haizunguki vizuri. Badilisha. Na hii mipira ya maji, ibonyeze kila wiki. Iliyopasuka au kulainika kama ndizi mbivu, itoe." Mwisho alichomoa kijiti cha oili, akakitazama kwenye mwanga. "Mungu amekuhurumia. Oili ingekuwa na rangi ya chai ya maziwa, ningekuambia maji yameingia ndani ya injini. Hapo ni fundi mkubwa."

Simiyu alisikiliza bila kukatiza. Alipotaka kujua atamshukuru vipi, Chepkemoi alisema, "Ukimkuta mwingine kando ya barabara, simama." Tangu siku hiyo Simiyu husimama.

Siku ya kumchukua Awinja ilifika. Kitambaa kilikuwa kimetolewa. Alitoka mlangoni polepole, akatazama miti, akatazama watu, akamtazama Jescah kwa muda mrefu na kumwambia amekonda. Jicho la pili lingepasuliwa daktari akirudi.

Simiyu alikuwa amefungua boneti kabla ya safari. Alichungulia maji injini ikiwa baridi, akabonyeza mkanda mpya, akafunga kifuniko. Blanketi lilikuwa pale pale juu ya kiti.

Kwenye barabara ya Malava kilima kilikuwa kile kile. Injini ilinguruma ikipanda, lakini hakuna sufuria iliyochemka. Awinja alisogeza kichwa mbele. Alitazama geji kwa jicho lake jipya.

"Jescah," alisema, "mwambie mwenye gari sindano imetulia katikati."

Jescah alicheka hadi machozi. "Mama, mwambie mwenyewe! Si juzi ulimwita jina, tena ukamshika mkono?"

"Juzi kulikuwa na moto," Awinja alijibu. "Leo injini ni baridi. Mwambie wewe."

Simiyu alikaza macho barabarani, akitabasamu. "Mwambie mama nimesikia," alisema. "Na mwambie lile gunzi limerudi kwenye chupa ya mafuta ya taa."